Udongo Mweusi wa Kibanja

Nje kidogo ya mji wa Bukoba, mkoani Kagera, macho hayahitaji kuambiwa. Huku ni rweya, mbuga ya majani yenye udongo dhaifu, ambako njugu mawe hupandwa msimu mmoja kisha ardhi ikaachwa ipumzike miaka. Hatua chache tu mbele ni kibanja kinachozunguka nyumba: migomba imesongamana, mibuni na maharage chini yake, udongo mweusi, laini.

Mgeni hudhani Wahaya, wenyeji wa huku, walitafuta penye rutuba ndipo wakajenga. Sivyo. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, aliandika kuhusu Bukoba mwaka 1938 na kueleza kwamba udongo wa pande zote mbili asili yake ni moja. Mvua za Ziwa Viktoria, zinazokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, zilikuwa zimeukamua virutubisho vyake tangu kale. Tofauti ililetwa na watu.

Mchana ng'ombe walilishwa rweya, jioni wakarudi kulala nyumbani. Rutuba iliyotawanyika mbugani ikawa inaletwa kibanjani kwa miguu ya mifugo, na asubuhi samadi ikapelekwa kwenye mashina ya migomba. Majani nayo yalikatwa huko huko. Mengine yalitandazwa shambani kuzuia jua na magugu, mengine yakaezekwa kwenye msonge, nyumba ya asili ya mviringo, au kutandikwa sakafuni, na yalipochakaa yakatupwa migombani pamoja na majivu na maganda ya ndizi. Hakuna kilichopotea! Wafu pia walizikwa humo, na hapo ndipo kibanja kilipopata uzito wa ukoo.

Lakini udongo wa namna hii hula kila mwaka. Ugonjwa wa sotoka wa miaka ya 1890 ulipofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, Buhaya haikusalimika, na kaya zilizopoteza mifugo zilipoteza samadi. Baadaye watu wakaongezeka, vibanja vikagawanywa kwa urithi, na sehemu za rweya zikapandwa mikaratusi na misonobari. Majani ya kutandaza yakaadimika. Hadi leo, kaya yenye ng'ombe ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kulinda rutuba ya kibanja chake.

Kwa hiyo anayeitazama rweya na kuiita ardhi tupu anakosea sana. Hilo ndilo ghala la kibanja, na kila mpango wa matumizi ya ardhi vijijini Kagera hauna budi kulihesabu hivyo.