Njia ya Misafara kwa Gari, Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji

Njia ya kati ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Usagara, Ugogo na Unyamwezi, ikaishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Katika karne ya 19 ndiyo iliyoteremsha pembe za ndovu na watumwa hadi pwani, na kupandisha bara nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Wapelelezi Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 na kuingia Tabora, iliyoitwa Kazeh wakati huo, mwezi Novemba. Leo gari huimaliza njia nzima kwa siku tano au sita, vituo vikiwemo. Mwaka 2006 iliingizwa kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Siku ya kwanza ni ya Bagamoyo, nayo haitoshi. Kilomita chache kusini mwa mji yako magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, ushahidi kwamba pwani hii ilifanya biashara ya bahari karne nyingi kabla ya misafara. Mji wenyewe ulikuzwa na pembe za ndovu. Bado kuna jengo lenye ua mpana ambamo misafara ilitua mizigo na kujipanga upya. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Katika kanisa lao la kwanza ndimo mwili wa mpelelezi David Livingstone ulimolazwa Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja. Mnara wake sasa huitwa kwa jina la Livingstone, ingawa waliostahili heshima hiyo zaidi ni watumishi wake Chuma, Susi na wenzao, waliomchukua marehemu kutoka Zambia ya leo kwa miezi kadhaa. Wajerumani nao waliufanya mji huu makao makuu yao hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam.

Kutoka Bagamoyo barabara ya lami hupita Msata, Chalinze na Morogoro, kisha huacha tambarare na kupanda kuelekea Gairo. Mamboya, kwenye milima ya Ukaguru, ni kituo kidogo cha misheni ya Kianglikana. Mpwapwa ni kituo chenye uzito zaidi. Msafara ulioshuka kutoka milimani ulipumzika hapa na kununua chakula, kwa kuwa mbele palikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji. Mwaka 1889 Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani pwani, alikishambulia kituo chao cha Mpwapwa. Desemba mwaka huohuo alinyongwa Pangani.

Ugogo ndipo palipoiendesha njia nzima, ingawa wasafiri wengi wa leo hupita mbio wakiiwahi Dodoma. Mvua hapa ni ya msimu mmoja, na maji ya kiangazi yalipatikana kwenye visima vilivyochimbwa na wenyeji katika mchanga wa makorongo. Aliyekuwa na kisima alikuwa na mamlaka. Kila mtemi wa Kigogo alidai hongo, ushuru uliolipwa kwa nguo na shanga, na mazungumzo yake yangeweza kuchukua siku kadhaa. Wageni wa Ulaya walijaza vitabu vyao malalamiko wakiuita unyang'anyi. Hukumu hiyo si ya haki. Msafara wa watu mia kadhaa uliweza kukausha kisima cha kijiji kwa siku moja na kumaliza akiba ya mtama, na hongo ndiyo iliyokuwa bei ya maji hayo.

Karibu na Manyoni, Kilimatinde husimama juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Zamani lilifuata pori la Mgunda Mkali, lililoogopwa kwa njaa na kiu. Sasa lami hupita Itigi hadi Tabora.

Tabora ndiyo moyo wa njia, na sababu ni Wanyamwezi wenyewe. Kabla Waarabu hawajajenga nyumba zao za tembe Unyanyembe, nchi inayouzunguka mji huu, Wanyamwezi walikuwa tayari wanasafiri hadi pwani na kurudi. Upagazi ukawa kazi ya vijana wakati wa kiangazi, wakibeba kilo 30 au zaidi begani kwa ujira wa nguo, kila msafara ukiongozwa na kirangozi wake. Kwihara, nje kidogo ya mji, tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 imefanywa makumbusho. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa amemtafuta na kumkuta Ujiji, alipoondoka mwezi Machi, Livingstone alisubiri hadi Agosti, kwa sababu hakuweza kwenda popote kabla ya kupata wapagazi kutoka pwani. Tabora ndiko pia Mtemi Isike wa Unyanyembe alikolipua ghala la baruti Januari 1893 ili Wajerumani wasimkamate hai.

Magharibi ni Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo, aliyeifunga njia mwaka 1871 alipopigana na Waarabu wa Tabora. Kisha Uvinza, ambako chumvi imechemshwa kutoka chemchemi kwa zaidi ya miaka 1,000. Ilikuwa bidhaa kubwa ya eneo hilo muda mrefu kabla ya pembe.

Ujiji ina mnara mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Ziwa limerudi nyuma, na ufuo sasa uko mbali na mnara huo. Miembe mikongwe ya mji ni kumbukumbu ya watu wa pwani waliohamia hapa na kuacha Kiswahili na Uislamu.

Njia iliuawa na reli. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tabora ilinusurika kwa kuwa treni ilipita hapo. Bagamoyo ilirukwa, Mamboya na Mpwapwa zikaachwa pembeni, na bandari ya Ujiji ikahamia Kigoma, kilomita chache kaskazini.