Mwalimu Aliyekwenda Kudai Mshahara wa Baba Yake

Ndugu msikilizaji, ukifika katikati ya Dar es Salaam utaiona ile sanamu ya askari wa shaba, bunduki mkononi, ambayo wazee wa mji wamezoea kuiita Bismini. Imesimama hapo tangu mwaka 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Gavana Hermann von Wissmann, nayo iliondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Huyu wa shaba ni kumbukumbu ya Waafrika waliotumikia upande wa Mwingereza. Nami kila nipitapo hapo hujiuliza: na wale wa upande wa pili, nani anawakumbuka?

Leo nitamzungumza mmoja wao. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akapewa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa Msudani, askari wa Kijerumani mwenye cheo cha efendi. Hicho ndicho kilichokuwa cheo cha juu kabisa ambacho mtu mweusi aliweza kukipata katika jeshi lile. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, baba na mwana waliingia vitani pamoja. Mwana alikuwa na umri wa miaka 10, umri wa mtoto wa darasa la tatu au la nne.

Vita hiyo alipigana miaka mitatu. Oktoba 1917 alijeruhiwa huko Mahiwa, mkoani Lindi, katika pigano kali kupita mengi ya vita ile. Waingereza peke yao walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Kijana akatekwa. Vita ilipokwisha alifanya kazi ya utumishi melini, akizunguka bandari kwa bandari.

Mwaka 1929 alishuka Ujerumani na kwenda Berlin akiwa na shauri moja tu. Alitaka mshahara ambao jeshi halikumlipa, wake mwenyewe na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ikamjibu kwamba amechelewa, muda wa kudai umepita. Fikiri, msikilizaji: mtoto anapewa kazi ya vita akiwa na miaka 10, na anapokwenda kuomba ujira wake anaambiwa angefika mapema!

Hakurudi nyumbani. Alibaki Berlin akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Akawa mhudumu katika nyumba kubwa ya starehe, akaoa mwanamke wa Kijerumani Januari 1933, mwezi ule ule Hitler aliposhika madaraka. Na akapata kazi ya kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin. Wanafunzi wake walikuwa maafisa na mapolisi, watu waliokuwa wakiota siku ya kurudishiwa koloni lao. Mshahara wake ulikuwa mdogo.

Naye hakuwa Mswahili wa kwanza kuingia darasa lile. Kiswahili kilianza kufundishwa Berlin mwaka 1887. Mwaka 1900 alikwenda huko Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu kutoka Bagamoyo, yule ambaye kazi yake juu ya desturi za Waswahili tunaitegemea hata leo. Mtoro alidharauliwa na wanafunzi wasiotaka kufundishwa na mtu mweusi. Mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, wakuu wa koloni walimzuia mkewe asishuke Tanga. Akageuza safari, akafia Ujerumani mwaka 1927. Miaka miwili tu baadaye Mahjub akafika. Lugha yao ilitakiwa sana. Wenye lugha hawakutakiwa.

Mwaka 1934 serikali ilianza kutoa nishani ya heshima kwa waliopigana mstari wa mbele. Mahjub akaomba, kwa haki kabisa, maana alikuwa na kovu la Mahiwa. Akanyimwa. Basi akaenda dukani, akainunua nishani kwa fedha zake, akaivaa.

Wako watakaoniuliza: huyu alimtumikia mkoloni, tumkumbuke kwa lipi? Ni swali la haki. Jeshi lile ndilo lililozima Maji Maji kwa moto na njaa. Na Mahjub mwenyewe, huko Berlin, alivaa sare za uaskari katika maonyesho ya wale waliodai koloni lirudi. Aliigiza katika filamu za kuwasifu wakoloni. Mwaka 1941 alionekana katika filamu ya kumtukuza Carl Peters, yule yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Sitaki kuyafunika hayo. Lakini nakumbuka pia kwamba alikuwa na mke na watoto wa kulisha katika nchi ambayo kila mwaka ilimfungia mlango mmoja zaidi.

Mwaka ule ule wa 1941 Gestapo walimkamata. Kosa lake lilikuwa uhusiano na mwanamke mweupe. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, nje kidogo ya Berlin, akakaa huko miaka mitatu, na tarehe 24 Novemba 1944 akafariki dunia. Kesho yake ilitimia miaka 26 tangu jeshi lake lisalimishe silaha huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, nchini Zambia.

Katika miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wakongwe waliokuwa bado hai katika nchi yetu. Kumbe muda wa kudai haukuwa umepita! Uliongezwa, lakini mdai wa kwanza alikuwa majivu tayari. Mwaka 2007 jiwe dogo lenye bamba la shaba liliwekwa njiani mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi Berlin, likiwa na jina lake.

Huko wamemwekea jiwe. Kwetu, alikozaliwa, wangapi wanalijua jina hilo? Sisemi tumjengee mnara. Mtu hupewa heshima kwa kusimuliwa ukweli wake wote, mzuri na mbaya. Nasema hivi: katika masanduku ya babu zetu zimo karatasi za jeshi, vyeti vya ualimu, picha za watu ambao majina yao hayakuandikwa nyuma. Fungueni masanduku hayo. Waulizeni walio hai, muandike. Mdai akifa, deni halifi naye, humkuta mrithi. Na warithi ni sisi.