Tarishi wa Johannesburg na kitabu kilichofungua njia

Mwaka 1971, ubaguzi wa rangi ukiwa umepamba moto Afrika Kusini, tarishi mmoja wa Johannesburg alitoa kitabu cha mashairi. Jina lake Oswald Mbuyiseni Mtshali. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mjini kwa pikipiki akipeleka barua na vifurushi vya ofisi, pasi ya utambulisho ikiwa mfukoni, kwani Mwafrika aliyekutwa bila pasi alilala mahabusu.

Alizaliwa Vryheid, Natal, mwaka 1940. Alifika Johannesburg akiwa kijana wa miaka 18, akitamani kusoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, lakini sheria ya mwaka 1959 ikawafungia Waafrika vyuo vya wazungu. Akaishia kwenye utarishi.

Aliyoyaona njiani ndiyo aliyoyaandika: dobi aliyechakaa kwa kufua nguo za mabwana, wafungwa waliotiwa minyororo, kichanga kilichotupwa jalalani Soweto na mbwa wakikigombania. Hapazi sauti. Anakuonyesha jambo lilivyo, kwa maneno machache, kisha anakuachia mwenyewe. Kwangu mimi, hapo ndipo penye nguvu yake, na ndiyo sababu mashairi hayo yanachoma hadi leo.

Aliyeyachapisha hakuwa kampuni kubwa. Lionel Abrahams, naye mshairi, alizaliwa Johannesburg mwaka 1928 akiwa na mtindio wa ubongo. Tangu miaka ya 1950 alikuwa akihariri jarida dogo, The Purple Renoster. Humo ndimo lilimochipuka shirika la Renoster Books, la watu wachache wenye fedha kidogo. Mwandishi Nadine Gordimer aliandika dibaji, na kitabu cha Mtshali, Sounds of a Cowhide Drum, kikaingia madukani.

Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya 10,000, jambo lisilotarajiwa kwa kitabu cha mashairi. Wanunuzi wengi walikuwa wazungu, na wapo waliomsuta Mtshali kwa hilo. Naona walimwonea. Mwaka 1972 Renoster ilimtoa mshairi mwingine mweusi, Mongane Wally Serote, na diwani yake Yakhal'inkomo. Serote alikuwa amekamatwa mwaka 1969 na kuwekwa kizuizini miezi tisa bila kushtakiwa. Mwaka huohuo wa 1969 mshairi wa Kiswahili Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya, kifungo kilichotupatia diwani ya Sauti ya Dhiki. Baadaye mashirika mengine madogo ya Johannesburg, Ravan Press na Ad Donker, yaliendelea kuwachapisha washairi weusi. Mauzo ya tarishi yule yalikuwa yameshathibitisha kwamba wasomaji wapo.

Diwani ya pili ya Mtshali, Fireflames, ilitoka mwaka 1980 ikiwa na hasira iliyo wazi zaidi. Serikali ikaipiga marufuku.

Mwaka 2012 shirika la Jacana, la hukohuko Johannesburg, lilikitoa upya kile kitabu cha kwanza pamoja na tafsiri ya Kizulu. Wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, kitafutieni mfasiri wa Kiswahili.