Kanisa na Kiangazi: Ibada, Ngoma na Makutano ya Watu Katika Nchi ya Nachingwea na Ruangwa

Mwaka wa mkulima wa Nachingwea na Ruangwa una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya mvua, ianzayo mwishoni mwa Novemba au katika Desemba na kukoma mnamo Aprili. Nusu ya pili ni kiangazi, tangu Mei hata mawingu mengine yaonekanapo. Wakati wa mvua watu hutawanyika. Kila nyumba huwa shambani mwake, ikilima, ikipalilia na kuwinga nguruwe, na njia nyingi hazipitiki kwa matope. Wakati wa kiangazi watu hukutana. Mtama na mahindi yamo ghalani, ufuta umeuzwa, njia zimekauka, na hata mgeni wa mbali aweza kupokewa pasipo mwenyeji kuona haya kwa chungu kitupu. Ndipo ngoma zipigwapo, ndipo vijana waingizwapo jandoni na wasichana wachezwapo unyago, ndipo posa na arusi zikamilishwapo.

Katika insha hii nitajaribu kuonyesha kwamba historia ya Kanisa katika nchi hii haieleweki vema pasipo kuikumbuka desturi hiyo ya majira. Waandishi wengi wametueleza habari za maaskofu, majengo na shule. Ni wachache waliouliza swali lililo jepesi kwa sura lakini zito kwa maana: watu hao waliitikia nini, nao waliitikia wakati gani?

Tuanze na habari zenyewe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyokuwa na makao Unguja, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani, akawaweka Masasi. Watu hao walikuja na Kiswahili cha Unguja, na pamoja nacho sala na tenzi za Kanisa katika lugha hiyo. Basi, tangu mwanzo ibada ya Kikristo katika bara hii ya Lindi ilikuwa na lugha isiyokuwa ya Wazungu wala si ya Wamwera, Wayao, Wamakua au Wamakonde waliokuwa wenyeji. Ilikuwa lugha ya pwani, lugha ya misafara. Na wengi waliijua kidogo kabla hawajamwona padri yeyote. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa alipewa upadri kule Unguja, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile, naye akafanya kazi Chitangali kati ya Wayao. Upande wa Wakatoliki, Wabenediktini wa Kijerumani walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895, na Nyangao baada yake.

Lakini kiangazi hakikuwa msimu wa ngoma tu. Kilikuwa pia msimu wa vita, kwa sababu zile zile: njia kavu, chakula tayari, watu pamoja. Wamagwangwara waliishambulia Masasi katika Septemba ya 1882. Vita vya Majimaji vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, na kabla ya mwezi mmoja kupita moto ulikuwa umefika huku. Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa tarehe 14 Agosti karibu na Liwale. Misheni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa. Mwaka uliofuata Wabenediktini wakaanza tena Ndanda, na hapo ndipo baadaye pakawa na abasia yao kubwa.

Katika mwaka huo huo wa 1906 alipita katika bara ya Lindi Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig, naye alikuwa na fonografu. Alinasa nyimbo za wenyeji na za wapagazi juu ya mitungi ya nta. Jambo hili lafaa kufikiriwa sana. Nchi ilikuwa imetoka vitani, njaa ingali yauma, wala watu hawakuacha kuimba. Nyimbo hizo zilizochukuliwa na mgeni ni baadhi ya sauti za kale kabisa za Kusini zilizopata kuhifadhiwa. Sauti nyingine zote za siku zile zimekwenda na wenyewe.

Sasa twafika penye shauri kubwa. Wamisionari wa kwanza walizikuta ngoma za kiangazi zikiwatoa Wakristo wapya kanisani. Mvulana aliyebatizwa lakini hakutiwa jandoni alihesabiwa mtoto hata akiwa na ndevu. Hakupata mke wala hakusikilizwa barazani. Kumkataza jando kulikuwa kumkataza utu uzima. Wengi waliokatazwa walikwenda usiku, au walikwenda kabisa wasirudi. Wengine waliingia katika jando la Waislamu, kwa kuwa Uislamu ulikuwa umekwisha kuipa desturi hiyo mahali pake. Baada ya Majimaji twarika nazo, hasa Kadiriya, zilienea sana bara, na dhikiri ilimpa mtu yeyote, awe mzee au mtumwa wa jana, nafasi ya kusimama safuni na kuimba.

William Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926 hata 1944, aliona kwamba kukataza tu hakuleti faida. Shauri lake, aliloliandika katika insha mashuhuri ya 1928, lilikuwa kuitwaa desturi na kuitakasa badala ya kuivunja. Jando la Kikristo likafanywa katika kiangazi kama lile la kale, wavulana wakabarikiwa, sala za Kikristo zikawekwa mahali pa maombi ya mizimu, nyimbo zilizodhaniwa kuwa chafu zikaondolewa. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu unyago ni siri ya wanawake, na padri hana mlango wa kuingilia.

Mwanahistoria Terence Ranger, alipoichunguza habari hii katika makala yake ya 1972, alituonya tusimsifu wala tusimlaumu Lucas peke yake. Mapadri na walimu Waafrika walikuwamo katika jambo hilo tangu mwanzo, nao walikuwa na mawazo yao. Nadhani onyo hilo ni la haki, nami nataka kulipeleka mbele kidogo. Askofu angeweza kuamua ni maneno gani yaimbwe. Hakuweza kuamua ni lini watu wawe na chakula cha kuwalisha wageni wa jando. Katika hilo Kanisa ndilo lililofuata.

Mfano wa kinyume chake upo, nao umesimama Nachingwea kwenyewe. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga. Hesabu ya kwanza ilikuwa kulima ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na sehemu iliyo kubwa kupita zote ilitazamiwa kuwa huku Kusini. Mji wa Nachingwea ulijengwa kwa ajili hiyo. Reli ikaletwa kutoka pwani. Bandari mpya ikachimbwa Mtwara. Matrekta hayakungoja majira wala hayakumwuliza mwenyeji. Januari 1951 serikali ilikiri kwamba mradi umeshindwa, na yapata pauni milioni 36 zilikuwa zimekwisha potea. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa 1954, karanga zenyewe zikiwa hazipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa.

Mwaka 1963, reli ikiwa imekwisha kufa, Nachingwea ilifanywa makao ya jimbo jipya la Kikatoliki lililotolewa katika abasia ya Ndanda, na Arnold Cotey, Mmarekani wa shirika la Wasalvatoriani, akawa askofu wake wa kwanza. Mji uliojengwa kwa ajili ya karanga ukawa mji wa kanisa kuu. Jimbo lilidumu na jina hilo hata 1986, makao yalipohamishiwa Lindi na jina likabadilika. Upande wa Waanglikana, Trevor Huddleston alikuwa askofu wa Masasi tangu 1960 hata 1968. Ndiye yule aliyempatia kijana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza kule Johannesburg, na alijua vema nguvu ya muziki kwa watu walionyimwa sauti nyingine.

Mwaka huo wa 1963 ulileta jambo jingine lililobadili ibada yenyewe. Tarehe 4 Desemba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia, ikiruhusu lugha za wenyeji na kuagiza muziki wa mataifa upewe heshima yake. Hata hapo Misa ilikuwa ya Kilatini, na nyimbo za Kiswahili zilizoimbwa nayo nyingi zilikuwa na sauti za Kijerumani. Hapa mwanafunzi wa lugha atapenda kusimama kidogo. Neno la Kiswahili hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho: twasema Bwána, Múngu, mwokózi. Wimbo wa Ulaya, kwa kawaida yake, hupenda kuanza kwa pigo dogo na kuweka zito baadaye, tena hupenda kumalizia mstari kwa pigo zito. Ukiyatia maneno yetu humo bila uangalifu, mkazo huangukia pasipopasa, na waumini huimba Mungú na Bwaná, maneno ambayo hakuna Mswahili ayasemayo. Watu waliimba hivyo miaka mingi kwa moyo safi; lakini masikio yao yalijua kwamba wimbo huu ulivaa nguo ya kuazima.

Padri Stephen Mbunga alikuwa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kulieleza tatizo hilo kitaalamu, katika kitabu chake cha 1963 juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Na Misa yake iitwayo Baba Yetu ilionyesha kwa mfano kwamba Misa yaweza kuimbwa kwa mahadhi ya kwetu. Tangu hapo ngoma, manyanga na kayamba viliingia kanisani. Ngoma ile ile iliyokuwa ikimtoa Mkristo kanisani usiku wa kiangazi sasa ilimwita ndani asubuhi.

Wako waliosema, na wako wasemao hata leo, kwamba ngoma ikiingia kanisani hupoteza maana yake, kwa kuwa kila ngoma ina shughuli yake na mahali pake. Ngoma ya unyago si ya mazishi, wala ya mavuno si ya kutibu. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Kwa hakika kilichoingia kanisani hakikuwa ngoma nzima, bali mapigo na chombo. Mafundisho, mafumbo na siri zilibaki nje. Lakini jibu lake nalo lipo. Kitu kilicho nje ya ibada ya watu kwa miaka sitini, watoto wao wakifundishwa kukionea haya, hufa. Kilichoingia, ijapokuwa ni nusu, kilipata mahali pa kukaa.

Makutano nayo yalibadilika. Kati ya 1973 na 1976 watu wengi walihamishiwa katika vijiji, na vigango vingine vikabaki bila watu. Wakati huo huo maaskofu wa Afrika Mashariki walikuwa wakihimiza Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani nyumba chache za jirani zisalizo pamoja. Sina shaka kwamba mashauri haya mawili, moja la serikali na moja la Kanisa, yalikutana katika maisha ya watu wale wale: jirani mpya usiyemjua huwa jirani wa kweli mkiisha kuimba pamoja, kuzika pamoja na kuchangiana unga. Tusisahau pia kwamba Nachingwea ilikuwa na kambi ya mafunzo ya FRELIMO tangu 1965, na kwamba Samora Machel alianzia safari yake ya ushindi huku mwaka 1975. Wengi wa wapiganaji wale walipitia shule za misheni, nao walijua kwamba watu wa makabila mbalimbali huunganishwa upesi na wimbo kuliko hotuba.

Ruangwa, iliyofanywa wilaya mwaka 1995 kwa kutengwa na Nachingwea, yatufundisha neno la mwisho. Katika nchi hii Waislamu ni wengi, na ukoo mmoja huwa na Juma na Yohana chini ya bibi mmoja. Kalenda ya Kiislamu huzunguka. Maulidi huangukia mvua mwaka huu na kiangazi mwaka mwingine. Kalenda ya Kikristo imesimama, lakini imesimama kwa majira ya Ulaya: Krismasi hufika jembe likiwa mkononi na ghala likikaribia kuisha, Pasaka hufika mvua ingali yanyesha. Basi sikukuu ambazo mkulima wa Kusini aweza kuzifanya kwa nafasi ni zile za kiangazi: Petro na Paulo katika Juni, Kupalizwa kwa Bikira Maria tarehe 15 Agosti, somo wa kigango, shukrani ya mavuno. Vitabu vya liturujia havikuzipa zote daraja la kwanza. Majira ndiyo yaliyozipa, na siku hizo jirani Mwislamu huja kula pilau kama yeye aalikavyo Idi.

Tunalo, basi, jukumu. Barua za maaskofu zimehifadhiwa Ndanda, London na Roma. Mitungi ya Weule ilikwenda Ujerumani. Lakini nyimbo za jando la Kikristo, mapigo yaliyokubaliwa kanisani na yaliyokataliwa, majina ya makatekista waliosimama kati ya padri na somo wa unyago, hayo yamo vichwani mwa wazee waliozaliwa kabla ya reli, au waliowasikia wazazi wao. Siku hizi kinanda cha umeme kinaweza kuiga ngoma yoyote kwa kidole kimoja, na kijana aimbaye hahitaji tena kumwuliza mzee pigo hili latoka wapi. Likizo ndefu ya vyuo vyetu huangukia katika kiangazi. Mwanafunzi wa Kusini arudipo nyumbani huwakuta watu wamekutana, chakula kipo, njia ni kavu. Mradi wa Karanga uliyapuuza majira yetu ukapotea; isiwe elimu yetu nayo ikafanya vivyo hivyo. Na aende akakae barazani, na aulize kabla mvua hazijaanza.