Afya ya Msingi na Utetezi Wake

Watu wengi wakisikia "afya ya msingi" huwaza zahanati tu: benchi la kusubiria, chumba cha sindano, na mgonjwa anayeandikiwa rufaa. Shule ya msingi imetuzoesha kuliona neno "msingi" kama daraja la chini, mahali pa kupitia. Sivyo ilivyokusudiwa. Mwaka 1978, mataifa yaliyokutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya leo, yaliingiza katika afya ya msingi maji safi, lishe, chanjo, huduma za mama na mtoto, dawa muhimu, na haki ya wananchi kushiriki kupanga na kuendesha huduma zao. Kwa maana hiyo, Kiswahili kimepatia kuiita msingi: hospitali ya rufaa ni ghorofa ya juu, na ghorofa haisimami hewani.

Haki ya kushiriki ndiyo husahaulika upesi, na kuidai kunahitaji istilahi yake. Asasi za kiraia Tanzania hutumia uchechemuzi, wengine uraghibishi. Kenya utasikia zaidi utetezi. Uraghibishi una mzizi mmoja na raghba, yaani hamu, na unafaa kampeni ya kunawa mikono, ambako mtu anavutwa abadili mazoea. Anayedai dawa hamtii mtu hamu. Anatetea jambo lililokwisha kuahidiwa, na ahadi zipo: Abuja, mwaka 2001, viongozi wa Afrika walilenga kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya; Tanzania, kupitia Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa mwaka 2007, ilipanga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata; na Kenya ilitunga Sheria ya Afya ya Msingi mwaka 2023. Kwa hiyo mimi nasimama na utetezi.

Nao hauhitaji kipaza sauti. Zahanati ya kijiji Tanzania ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wananchi, na katika mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Mjumbe anaweza kuuliza: vitendanishi vya kupima wingi wa damu kwa wajawazito viliisha lini, viliagizwa lini, salio ni shilingi ngapi? Ahakikishe swali limeandikwa kwenye muhtasari, na muhtasari umefika halmashauri kabla mpango wa mwaka haujafungwa. Ukichelewa, vitendanishi hivyo havitakuwamo kwenye bajeti, na mjamzito ataambiwa akapime kwa fedha zake mjini.