Mchezaji wa Oval aliyehubiri kwa Kingwana

Hapa Kasongo, Maniema, ukitaja mapadri na michezo, watu hufikiria mpira wa miguu mara moja. Hawakosei. Timu tunayoiita leo TP Mazembe iliundwa Élisabethville mwaka 1939 na Wabenedikto, na uwanja mashuhuri wa Kinshasa unabeba jina la Padri Raphaël de la Kéthulle, yule Tata Raphaël. Lakini kwa hao utume ulitangulia, mpira ukafuata. Mtu aliyekuwa nyota wa uwanjani kwanza, kisha akavunja safari ya umaarufu wake aje kuhubiri mashariki ya Kongo, alicheza kriketi. Ni Mwingereza Charles Thomas Studd.

Baba yake alichuma mali katika mashamba ya India, na kijana alilelewa katika raha. Mwaka 1882, akiwa mwanafunzi wa Cambridge, mara mbili alipita mikimbio mia moja dhidi ya Waaustralia. Agosti ya mwaka huo, katika uwanja wa Oval jijini London, Uingereza ilihitaji mikimbio 85 tu kushinda. Studd aliingia karibu na mwisho, akasimama na gongo lake bila kurushiwa mpira hata mmoja, huku wenzake wakitolewa upande wa pili. Walishindwa kwa mikimbio 7. Aibu hiyo ndiyo iliyozaa shindano la Ashes, na mashabiki wa kriketi hawajaisahau.

Mwaka 1885 alikwenda China pamoja na wenzake sita, na huko akagawa urithi wake kwa kazi za dini na za maskini. Baadaye alihudumu India. Angeweza kuishia hapo, mwili umechoka na pumu imemshika. Badala yake, mwaka 1913, akiwa na miaka 52, alipita Mombasa na Uganda pamoja na kijana Alfred Buxton hadi Niangara, kaskazini-mashariki mwa Kongo, kisha Nala, na mwishowe Ibambi. Tangu 1916 hakurudi tena Uingereza. Mkewe Priscilla alibaki kuisimamia kazi huko nyumbani. Hadi alipofariki mwaka 1929, alikuwa amemwona mumewe tangu hapo mara moja tu, alipomtembelea mwaka 1928.

Ibambi iko mbali sana na Maniema, lakini Studd alitafsiri Agano Jipya kwa Kingwana, Kiswahili cha mashariki ya Kongo, na Kingwana hakikuota kwenye msitu wa kaskazini. Kilitoka huku kwetu, Kasongo na Nyangwe, katika miji ya mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu, midomoni mwa wangwana, wapagazi na mateka. Mvumbuzi Stanley alipoupenya msitu wa Ituri mwaka 1887, aliwakuta Wamanyema wawinda pembe wamekwisha kupiga kambi Ipoto. Jeshi la Mbelgiji Dhanis liliiteka Kasongo mwaka 1893, na dola ya wafanyabiashara ikavunjika. Lugha haikuvunjika nayo. Waandishi wa maisha ya Studd hupenda kumwonyesha akiingia nchi isiyo na njia. Kwa maoni yangu, njia ilikuwapo, na watu wa Maniema ndio walioikata, wengine kwa kulazimishwa, na kwa damu nyingi.

Huyo Bwana Mukubwa, kama alivyoitwa, hakuwa mtu rahisi. Alifanya kazi mchana na usiku, akawadai wenzake nao wafanye hivyo, na waliolegea hakuwaficha hasira yake. Kijitabu chake kimoja cha maneno makali kiliwashtua hata waliomfadhili, na kutumia kwake mofini kupunguza maumivu kulizua maneno. Ugomvi kati yake na halmashauri ya misheni yake huko London ulikuwa bado haujapoa alipofariki Ibambi tarehe 16 Julai 1931. Mkwewe Norman Grubb ndiye aliyepokea uongozi wa misheni. Kanisa lililotokana na kazi hiyo linajulikana leo nchini Kongo kama CECCA 16.