Kuugua, Kuuguza, Kuuguliwa: Saa Mbili za Flannery O'Connor

Mwaka 1964, miezi michache kabla ya kifo chake, mwandishi Mmarekani wa hadithi fupi Flannery O'Connor alikuwa amelazwa hospitalini mjini Atlanta, na chini ya mto wake alificha karatasi. Madaktari walitaka apumzike. Yeye alikuwa na hadithi ambazo hazijakamilika, akahofia kwamba akionekana anaandika atakatazwa kabisa. Alikuwa na umri wa miaka 39. Kwa zaidi ya miaka 13 alikuwa ameishi na lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe na kushambulia viungo, ngozi na figo. Alifariki tarehe 3 Agosti mwaka huohuo.

Kisa cha karatasi chini ya mto husimuliwa sana na wapenzi wa kazi zake, na mara nyingi husimuliwa kama ushahidi wa ushujaa. Ujasiri wake siupingi. Ninachopinga ni kukifanya kisa hicho kuwa ufunguo wa kumwelewa mwandishi mgonjwa. Wiki zile za kujificha zilikuwa wiki ambazo mpango wa maisha yake ulikuwa umevunjika. Vitabu vyake vingi vilitokana na mpango wenyewe ulipokuwa bado umesimama.

Kiswahili kinatupa njia nzuri ya kuuona mpango huo. Mgonjwa huugua. Anayemhudumia humwuguza, na wala hatumlaumu kwamba ndiye aliyemletea ugonjwa. Mwenye mgonjwa nyumbani ameuguliwa. Mwalimu akikosa kufika darasani akatuma ujumbe kwamba ameuguliwa, hakuna anayemwuliza anaumwa wapi. Mzizi mmoja umebeba watu watatu. Tahakiki nyingi zinazowahusu waandishi wagonjwa husimama kwenye kitenzi cha kwanza, kana kwamba mtu aliugua akaandika, basi. Hoja yangu ni kwamba kazi ya O'Connor haielezeki bila vitenzi vyote vitatu.

Alizaliwa Savannah, jimbo la Georgia, mwaka 1925. Baba yake alikufa kwa lupasi hiyohiyo mwaka 1941, binti akiwa na miaka 15. Alisomea uandishi katika Chuo Kikuu cha Iowa na kuhitimu mwaka 1947, kisha akaenda kuishi Kaskazini, akapanga kwa rafiki zake Robert na Sally Fitzgerald huko Connecticut, akiandika riwaya yake ya kwanza. Desemba 1950 alipanda treni kurudi nyumbani kwa Krismasi, akafika akiwa hoi. Madaktari walipogundua ni lupasi, mama yake, Regina, aliamua kumficha. Binti akaambiwa ana baridi yabisi. Alikaa na jina hilo la uongo hadi mwaka 1952, Sally Fitzgerald alipomweleza ukweli.

Namwelewa mama huyo. Alikuwa amemzika mume kwa ugonjwa uleule, na nyumba nyingi za kwetu zingefanya kama yeye: mgonjwa haambiwi, wanaambiwa wakubwa. Lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni kupanga riwaya, kufichwa huku kuna gharama ya pekee. Riwaya ni mradi wa miaka. Anayedhani atapona mwakani hupanga kurudi Connecticut, huacha vitabu vyake huko, huziona siku za nyumbani kama za kungojea. Alipojua, O'Connor aliagiza vitu vyake viletwe Georgia. Mimi nauona uamuzi huo kuwa mkubwa kuliko tukio la hospitali, ingawa hausimuliwi kwa shauku ileile. Ndipo alipoacha kungojea afya, akaanza kuipangia kazi nguvu aliyokuwa nayo.

Nguvu yenyewe ilikuwa kidogo. Katika barua alimweleza rafiki kwamba anaandika kama saa mbili tu kwa siku, kwa kuwa zaidi ya hapo hana nguvu, ila saa hizo haruhusu kitu chochote kiziguse: wakati uleule, mahali palepale. Alilala na kuandikia katika chumba kimoja cha ghorofa ya chini, kwa sababu ngazi zilimshinda. Meza ya taipureta aliielekeza kwenye mgongo wa kabati la nguo, si kwenye dirisha. Asubuhi alikwenda misa, akarudi, akaketi. Mchana ulikuwa wa barua, wageni na tausi aliowafuga, ambao waliongezeka hadi kufikia makumi. Dawa za kotisoni zilimwezesha kuishi, lakini zilimvimbisha uso. Kuanzia mwaka 1955 alitembea kwa magongo kwa sababu mfupa wa nyonga ulikuwa ukiharibika, na bado alisafiri kutoa mihadhara vyuoni, kwani fedha zilihitajika.

Ukipima mavuno kwa kipimo hicho cha saa mbili, umbo la kazi yake linaanza kueleweka. Riwaya zake ni mbili tu, zote fupi. Ya pili, *The Violent Bear It Away*, iliyotoka mwaka 1960, ilimchukua takriban miaka saba. Hadithi fupi ni zaidi ya thelathini, na humo ndimo sifa yake ilimokaa. Sidai kwamba ugonjwa ulimchagulia hadithi fupi. Alikuwa akiziandika tangu Iowa, na ya kwanza, “The Geranium”, ilichapishwa mwaka 1946, kabla dalili yoyote haijajulikana. Ninachodai ni kwamba hadithi fupi ni umbo linaloweza kukaa lote kichwani mwa mtu aliyechoka. Aliyelala homa siku nne anaweza kuirudia na kukuta bado anakumbuka kila mhusika ameketi wapi. Riwaya haisamehe hivyo, na miaka saba ile ndiyo bei yake.

Wako wanaosema kwamba ugonjwa ndio uliompa kipaji, na wana ushahidi mmoja mzito: yeye mwenyewe aliandika kwamba ugonjwa ni mahali, tena penye mafunzo kuliko safari ndefu ya Ulaya. Kauli hiyo naiheshimu kama neno la muumini Mkatoliki aliyejifunza kuyapokea yaliyompata. Haitoshi kuwa nadharia ya sanaa. *Wise Blood*, riwaya yake ya kwanza, ilikuwa imeandikwa kwa sehemu kubwa kabla hajapanda treni ile. Zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyeandika kanusho kali kuliko langu. Katika “The Enduring Chill”, ya mwaka 1958, kijana Asbury anarudi shambani kwa mama yake akiamini anakufa kifo kizuri cha msanii, na ameandaa hata barua ya kumlaumu mama kwa kukiua kipaji chake. Kumbe ana homa ya maziwa mabichi aliyokunywa zizini kwa ukaidi. Haitamwua. Itakuwa ikimrudia maisha yake yote, naye itambidi aishi, pasipo kipaji, mikononi mwa mama yuleyule. Mwandishi aliyejua vema kurudi nyumbani akiwa mgonjwa alikataa kuufanya ugonjwa kuwa cheti cha usanii.

Tugeukie vitenzi viwili vilivyobaki. Shamba la Andalusia, kama maili nne kutoka mji wa Milledgeville, lilikuwa la ng'ombe wa maziwa, likiendeshwa na Regina. Ndiye aliyefuatilia hesabu, mifugo, vibarua na chakula cha mchana. Saa mbili za binti hazikuguswa kwa sababu kuna mtu mwingine aliyeguswa badala yake. Nyuma ya Regina walikuwako wafanyakazi weusi walioishi hapohapo shambani, wakikamua na kutengeneza ua kwa malipo ya zama za ubaguzi wa Georgia. Barua za O'Connor zina maneno juu ya watu weusi ambayo msomaji wa Kiafrika hayasomi bila kuumia, na hatupaswi kuyaficha chini ya mto. Wasomi wamelijadili suala hilo kama suala la maadili yake. Ni suala la mpango wake wa kazi vilevile: waliodharauliwa ndani ya barua ndio waliosaidia kuulinda muda wa kuziandika.

Marcel Proust, mwandishi wa riwaya Mfaransa aliyesumbuliwa na pumu tangu utotoni, ni mfano mwingine wa mwandishi aliyeuguzwa na mtu asiyetajwa. Kila mtu anakijua chumba chake cha Paris kilichozibwa kelele kwa magamba ya koki. Wachache humtaja Céleste Albaret, mtumishi aliyekesha naye, akimletea kahawa na kugundisha vipande vya karatasi kwenye miswada.

Nawaomba basi wahariri na waandaaji wa tuzo za fasihi ya Kiswahili walitazame jambo hili kwa umakini. Mwandishi mwenye selimundu, kisukari au lupasi hahitaji dibaji ya kumsifu kwa uvumilivu. Anahitaji tarehe ya kuwasilisha mswada inayoweza kusogezwa bila kudhalilishwa, malipo yasiyocheleweshwa kwa kuwa dawa hazingoji, na mhariri anayejua kwamba kurasa mbili kwa wiki si uvivu. Wahakiki nao, wanapoandika wasifu wa mwandishi aliyeugua, waulize ni nani aliyechota maji, nani aliyepika, nani aliyemsindikiza kliniki, na majina hayo yaingie kwenye wasifu.

Miongoni mwa kazi za O'Connor za miezi yake ya mwisho ilikuwamo “Judgement Day”, ambamo aliiandika upya “The Geranium”, hadithi yake ya kwanza kuchapishwa. Regina alimzika Milledgeville, kando ya baba yake. Regina mwenyewe alifariki mwaka 1995, akiwa na miaka 99.